Mtoto alipata manjano wiki ya kwanza, sasa ana miaka minne hakai wala haongei. Ni manjano au ni kitu kingine?

#1 MamaBaraka_Mza
Habari za jioni wakuu. Mwanangu ana miaka minne. Shingo ilichelewa sana kukaza, kukaa bado mpaka aegemezwe, haongei. Mikono na miguu inajinyonga yenyewe, hasa akifurahi au akitaka kushika kitu. Akilala inatulia kabisa.

Alizaliwa kwa njia ya kawaida, miezi tisa imetimia, akalia palepale. Tuliruhusiwa kesho yake asubuhi. Siku ya tatu macho yakawa ya njano, wakubwa nyumbani wakasema nimwanike jua la asubuhi yataisha. Siku ya tano akaacha kunyonya, akawa analegea, halafu akaanza kulia kwa sauti nyembamba kali na mgongo unajipinda kwenda nyuma. Tukamkimbiza hospitali akawekwa kwenye taa.

Daktari mmoja anasema manjano yalipanda kichwani. Mwingine anasema alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mama mkwe anasema ni degedege, mtoto alipitiwa na upepo. Naomba wenye uelewa: manjano ya siku chache yanaweza kweli kumharibu mtu maisha yote? Na kama ni hayo, akili yake nayo imekwenda?

#2 Ngosha_Halisi
Pole dada. Ila mimi nina watoto wanne, wote walipata manjano, wote waliota jua, wote wako shule. Manjano ni kitu cha kawaida kwa kichanga. Ningekuwa wewe ningetafuta sababu nyingine.

#3 BintiPangani
Ngosha hao wanne ulikuwa unawaangalia wewe au mkeo? Maana kila siku tunakuona kule jukwaa la michezo 😂
Pole sana mama Baraka. Nakaa hapa nisome.

#4 Nesi_Mstaafu
Mama Baraka, pole mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi na ya watoto wachanga miaka mingi.

Ngosha ana ukweli nusu. Watoto kama 60 kati ya 100 waliotimiza miezi hupata manjano wiki ya kwanza, na njiti hufika 80 kati ya 100. Wengi yanaisha yenyewe. Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa bilirubini, ile rangi ya njano yenyewe, na ini la kichanga bado changa, linachelewa kuitoa. Kwa mtoto aliyetimiza miezi hupanda mpaka kilele siku ya tatu hadi ya tano. Sasa angalia: ndio siku ambazo mama ameshafika nyumbani.

Ikipanda kupita kiasi, bilirubini huingia kwenye ubongo na kuua seli za sehemu fulani fulani za ndani kabisa: zinazopanga mijongeo ya mwili, njia ya usikivu, na zinazoongoza macho. Madaktari huita kenikterasi. Dalili zake za mwanzo ni hizohizo ulizoandika: kulegea, kukataa ziwa, kilio chembamba, mgongo kupinda nyuma. Nilipofika kwenye sentensi ile ya mgongo nilijua unaongea nini.

#5 Mkulima_Digitali
Nesi samahani, kwa hiyo jua la asubuhi ni uongo? Mbona kliniki wenyewe walituambia?

#6 Dr_Mtaani
Habari wana jukwaa. Naomba tusiende haraka. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu au ya uti wa mgongo naye huacha kunyonya, hulia kilio kikali na mgongo hupinda. Maambukizi hayohayo hupandisha manjano. Kwa hiyo unaweza kuona njano ukasema ndiyo, kumbe chanzo ni bakteria. Mama, walimpima maji ya uti wa mgongo? Na bilirubini ilisomeka ngapi siku ile?

#7 MamaBaraka_Mza
Daktari asante. Uti wa mgongo sikumbuki. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa kuna namba 31, imeandikwa "bil". Alipewa na sindano za kuua bakteria.

#8 Nesi_Mstaafu
31 kama ni miligramu kwa desilita ni kubwa mno. Wanaopima kwa maikromoli wangesema kama 530. Kwa kichanga aliyetimiza miezi, ikikaribia 25 tayari tunazungumza habari ya kumbadilishia damu, acha taa peke yake. Alibadilishiwa?

#9 MamaBaraka_Mza
Hapana mama. Taa tu, na walikuwa wanne kwenye taa moja.

#10 FundiVifaaTiba
Hapa kwenye taa niruhusuni, ndio kazi yangu. Taa kuwaka na taa kutibu ni vitu viwili. Kinachofanya kazi ni mwanga wa bluu wa mawimbi ya nanomita 460 hadi 490. Unapiga bilirubini iliyo kwenye ngozi na kuigeuza umbo, itoke kwa nyongo na mkojo bila kusubiri ini. Sasa zile mirija za zamani zinapungua nguvu kadiri zinavyotumika, jicho lako linaona bluu ileile lakini mashine ya kupimia inasoma robo. Nimekuta wodi ambayo mirija haijabadilishwa tangu taa ilipofungwa. Nimekuta taa imeinuliwa juu sana ili nesi asiumie macho. Nimekuta mtoto yuko kwenye taa amefunikwa kanga asipate baridi. Mwanga lazima upige ngozi: avuliwe, abaki na nepi na kitambaa cha macho tu.

Watoto wanne kwenye taa moja maana yake wa pembeni wanapata mabaki. Taa za LED ndio msaada mkubwa siku hizi, zinadumu na hazichemshi mtoto. Ila nazo zipimwe.

#11 Mkulima_Digitali
Swali langu la jua limepita 🙏

#12 Nesi_Mstaafu
Sikulisahau. Jua lina huo mwanga wa bluu ndani yake, na tiba yenyewe ya taa ilianzia juani. Hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, mwaka 1956. Sista Jean Ward alikuwa na tabia ya kuwatoa njiti nje kwenye bustani. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto aliyepauka mwili mzima isipokuwa kipande kimoja kilichobaki cha njano: shuka lilikuwa limekifunika. Baadaye sampuli ya damu iliyosahaulika dirishani kwenye jua ikapimwa, bilirubini ikakutwa imeshuka. Wakatengeneza taa, wakachapisha mwaka 1958.

Lakini dakika kumi za jua la asubuhi, mtoto amevaa soksi, kofia na fulana, hazimshushi mtoto aliye na 20. Ukimvua umwache muda mrefu anaungua, anachemka au anaishiwa maji. Lagos walifanya utafiti uliochapishwa 2015, wakaweka watoto na mama zao chini ya mahema ya karatasi maalumu zinazochuja miale mibaya, wakawapima joto kila mara, na kwa manjano ya kiasi ilifanya kazi vizuri kama taa. Hiyo ilikuwa tiba yenye usimamizi. Kumwanika kichanga barazani huku siku zinahesabika ndiko kunakotuletea watoto wamekakamaa.

#13 Ngosha_Halisi
Sawa mama, nimekusikia. Swali: kwa nini wangu wanne wakapona na huyu mmoja akafika 31? Kuna kitu kilimpandisha. Damu za wazazi?

#14 SharifaMuscat
Asalaam alaykum. Ngosha kauliza swali la maana. Mimi niko Muscat, asili yetu Unguja. Huku G6PD ni jambo la kawaida mno na wanangu wote walipimwa mara tu walipozaliwa. Ni upungufu wa kimeng'enya ndani ya chembe nyekundu, unarithiwa kwa mama na unawapata zaidi wavulana. Mtoto anaonekana mzima kabisa mpaka akutane na kitu kinachovunja damu yake.

Vitu vyenyewe ni vya nyumbani. Naftalini, vile vidonge vyeupe tunavyoweka sandukuni nguo zisiliwe na wadudu: nguo za mtoto zikitolewa sanduku hilo akavishwa bila kufuliwa na kuanikwa, mvuke unamtosha. Hina pia! Wazee wanampaka kichanga hina nyayoni au kitovuni, na kwa mtoto mwenye G6PD hina inaweza kumpasua damu. Mdogo wangu alipokatazwa hina ya arubaini bibi alinuna wiki nzima, lakini haikupakwa.

Mama Baraka, Baraka ni mvulana. Nguo zake za kwanza zilitoka wapi?

#15 MamaBaraka_Mza
Dada Sharifa umenitetemesha. Nguo zilikuwa za mtoto wa wifi yangu, zilihifadhiwa kwenye begi lenye hivyo vidonge. Sikuwahi kuulizwa hili na mtu yeyote.

#16 Dr_Mtaani
Mama, usianze kujilaumu kwa ajili ya begi. Hatujui kama ana G6PD, na kinapimika kwa damu hata leo. Maeneo yenye malaria upungufu huu ni mwingi kwa sababu unampa mtu kinga kiasi, kwa hiyo Kanda ya Ziwa na pwani si ajabu kuukuta.

Ila sababu nyingine ni nyingi. Damu ya mama kuvunja ya mtoto kwa kutolingana makundi: mama wa kundi O mwenye mtoto wa A au B. Mama wa Rh hasi mwenye mtoto wa chanya. Damu iliyovilia kichwani wakati wa kuzaliwa. Na moja inayosahaulika: mtoto kutopata maziwa ya kutosha siku za mwanzo. Hapati choo, bilirubini iliyoshuka tumboni inanyonywa tena na kurudi kwenye damu. Mara nyingi mambo mawili matatu yanakutana kwa mtoto mmoja.

#17 Baba_Achieng
Niko Kisumu. Kuna mtu atasema selimundu, niwahi kabla: yetu tuliambiwa hivyo, tukapima, ikawa siyo. Daktari alitueleza mtoto anazaliwa na damu ya tumboni ambayo inamkinga, selimundu huanza kuonekana baada ya miezi kadhaa.

Binti yangu ana miaka kumi na miwili. Manjano, mama O, mtoto B. Hatembei, haongei kwa mdomo, mikono inajinyonga vilevile umeeleza. Na mama, ulichouliza mwisho wa bandiko lako wote wamekipita, kwa hivyo nakijibu mimi. AKILI IKO. Wangu anajua Kiingereza, Kiswahili na Kijaluo. Ukisema uongo mbele yake anakutazama mpaka uone haya. Tulichelewa miaka sita kujua kwa sababu kila mtu alitwambia "huyu haelewi", na sisi tukaacha kuongea naye.

#18 Nesi_Mstaafu
Baba Achieng ubarikiwe. Ni kweli tupu. Manjano hupiga vituo vya mijongeo na usikivu, na mara nyingi sehemu za juu za kufikiri zinabaki. Mtoto wa namna hii hudharauliwa kuliko wote kwa sababu sura inajikunja, udenda unatoka, na watu wanahukumu hapohapo.

#19 BintiPangani
Nimelia kazini. Baba Achieng anaongeaje sasa?

#20 Baba_Achieng
Ubao wa picha. Mwanzo picha nne: kula, maji, choo, inauma. Sasa ana herufi. Anachagua kwa macho. Siri moja tuliyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi: watoto wa manjano wengi hawawezi kuinua macho juu, wanainua kichwa kizima. Sisi tulipanga picha juu na chini akawa anakosea kila saa, tukadhani hajui. Tulipozipanga kushoto kwenda kulia mambo yakafunguka.

#21 MamaBaraka_Mza
Baba Achieng! Baraka akitaka kutazama juu anarusha kichwa chote nyuma. Mimi nilidhani ni kukakamaa tu. Na meno yake ya utoto yalitoka yakiwa ya kahawia na kumomonyoka, nikaambiwa ni sukari, na sukari hali.

#22 Nesi_Mstaafu
Macho yasiyopanda, meno yenye ganda bovu, mijongeo ya kujinyonga. Mimi nabaki na moja tu la kuuliza: masikio?

#23 MamaBaraka_Mza
Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kuna wakati namwita anageuka, kuna wakati naita hata hashtuki. Mlango ukigongwa anaruka. Alipimwa mara moja wakamwekea kidude sikioni, wakasema anasikia vizuri.

#24 Mwalimu_Elimu_Maalumu
Nimekuwa nikisoma kimya, hapo imebidi niingie. Kile kidude kinapima sikio lenyewe. Kwa watoto wa manjano sikio mara nyingi ni zima, kilichoharibika ni mshipa na njia ya kupeleka sauti kwenye ubongo. Kwa hiyo kipimo kinapita na mtoto bado hasikii maneno. Sauti anaipata imevurugika, ya redio iliyo kati ya stesheni mbili: kelele ipo, maneno hayashikiki, na mvurugiko unapanda na kushuka. Omba kipimo kile cha kubandika nyaya kichwani mtoto akiwa amelala, kinachosoma mwitikio wa ubongo kwa sauti. Bila hicho utaambiwa "anasikia ila ni mkaidi", nimewapokea wengi wa namna hiyo darasani.

Vifaa vya kawaida vya kukuza sauti huwasaidia baadhi, wengine hapana, maana kelele iliyovurugika ukiikuza inabaki kelele. Wapo wanaofaidika na kupandikizwa kifaa cha ndani ya sikio, na Muhimbili wanafanya upasuaji huo tangu 2017. Lugha ya alama ianze sasa, ishara za mikono yako wewe atazisoma hata kama yake haimtii.

#25 Dr_Mtaani
Nabaki na msimamo wangu wa nusu. Dalili mlizokusanya zinaelekea manjano, sibishi. Lakini kukosa hewa nako huleta mijongeo ya kujinyonga, na mtoto kulia palepale hakufuti tatizo lililotokea wakati wa uchungu. Wala maambukizi hayajafutwa. Picha ya MRI ingesaidia: manjano hupenda kuacha alama kwenye kituo kimoja cha ndani kinachoitwa globasi palidasi, kukosa hewa ghafla hupiga zaidi thalamasi na jirani yake putameni. Na bado nimeona picha safi kwa mtoto mwenye dalili zote.

#26 Nesi_Mstaafu
Daktari, kwa 31 na mgongo uliopinda siku ya tano baada ya mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri, mimi sihitaji picha.

#27 Dr_Mtaani
Mama yangu, nawe unajua bakteria wangapi wanamfanya mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri aache siku ya tano. Heshima yako iko palepale.

#28 Ngosha_Halisi
Wakubwa wawili hao waacheni. Mimi niulize pembeni: wangu wa tatu alikuwa njano sana, akawekwa taa siku mbili. Sasa hatulii darasani, mwalimu analalamika. Inaweza kuwa hiyohiyo? Nimesoma mahali kwamba manjano yanaleta usonji.

#29 Dr_Mtaani
Tafiti zinagongana. California 2005 hawakuona uhusiano na usonji. Denmark 2010 waliuona. Na kuna utafiti mwingine wa California, 2006, wa watoto waliofika 25 na zaidi lakini wakatibiwa haraka: walipofika kama miaka mitano walikuwa sawa na wenzao, isipokuwa wale ambao damu ya mama ilikuwa inavunja damu yao, alama zao za akili zilikuwa chini. Namba peke yake haisemi yote. Imekaa juu muda gani, ilipandishwa na nini, mtoto alikuwa njiti au mgonjwa, yote yanaingia. Mtoto wako anayekimbiakimbia mpeleke apimwe kwa haki yake, usimfunge kwenye manjano.

#30 BintiPangani
Anakimbia kwa sababu baba yake ni Ngosha 😅

#31 MkaziwaMbagala
Mbona hakuna anayegusa alichosema mama mkwe? Kuna mambo ya kwetu hayaonekani kwenye MRI. Mtoto wa jirani aliombewa akasimama.

#32 Mwalimu_Elimu_Maalumu
Maombi hakuna anayemkataza mtu. Ninachokiona kazini ni familia kuzunguka kwa waganga miaka mitatu huku viungo vinakaza. Muda huo ndio wa mazoezi, wa kumfundisha kukaa kwenye kiti maalumu, wa kula bila kupaliwa. Aliye Dar au karibu afike hospitali ya CCBRT, aliye mikoani aulize idara ya mazoezi ya hospitali ya rufaa. Wapo pia wanaopewa dawa za kulegeza misuli kama baklofeni, zinampunguzia maumivu ya kukakamaa usiku.

#33 MamaBaraka_Mza
Asanteni wote, sijawahi kupata maelezo haya kwa pamoja. Kipimo cha masikio na cha G6PD nitaviulizia wiki hii. Jana usiku nilipanga picha nne mbele yake kushoto kwenda kulia, uji, maji, katuni, kulala. Nikamuuliza anataka nini. Katuni. Nikabadilisha nafasi nikauliza tena. Katuni!

#34 Baba_Achieng
Mwekee katuni mama!! Halafu kesho ongeza picha ya "sitaki". Hiyo ndiyo atakayoitumia kuliko zote.

#35 Jirani_Mpya
Samahani kuingilia uzi. Nimejiunga leo. Mke wangu kajifungua jana saa tatu usiku, tumesharuhusiwa. Jioni hii namwona mtoto macho ya njano na ufizi pia. Ananyonya vizuri. Yeye ni O hasi. Nisubiri kesho nimwangalie mchana?

#36 Nesi_Mstaafu
Usisubiri kesho. Njano ndani ya saa 24 za kwanza haihesabiwi kuwa ya kawaida kwa mtoto yeyote, na kwa mama wa hasi ndiyo kabisa. Nendeni usiku huu kwenye hospitali yenye taa na yenye damu. Beba kadi ya kliniki yenye kundi la damu la mama. Uliza mambo mawili: bilirubini ya mtoto ni ngapi, na kundi lake la damu ni lipi. Akiwa chanya, mama naye anahitaji sindano ya anti-D kabla saa 72 hazijapita tangu ajifungue, kwa ajili ya mimba zijazo. Anyonyeshe njiani, msimpe maji ya glukosi. Mkifika mkiambiwa nesi yuko pekee, mkae hapohapo mpaka damu ichukuliwe.